Ngumi ya Mkono Usiokuwepo

Nilimwona mdogo wangu akifungua vidole ambavyo havipo.

Umesoma sawasawa. Vidole ambavyo mashine ilivichukua siku ya Jumatatu, saa tisa kasoro dakika ishirini mchana.

Nilikaa hatua mbili kutoka kwake. Kigutu cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimetulia juu ya paja, na uso wake, uliokuwa umekunjamana kwa miezi saba, ukalainika kama wa mtoto aliyenyonya akashiba.

"Kile kidogo kimefunguka," alisema taratibu. "Sasa kinachofuata."

Nikalia bila sauti.

Halafu nikafungua mdomo wangu na kuharibu kila kitu.

Kiwandani waliniita Daftari. Shule niliiacha darasa la sita, lakini sheria za kazi nilizisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kwenye kitabu kisicho na jalada nilichokiokota kati ya karatasi chakavu za ofisi. Nakumbuka tarehe. Nakumbuka nani alisema nini, akiwa amevaa shati gani. Muulize mwenye kiwanda aliahidi feni lini, atakuambia hakumbuki. Mimi nitakuambia: Alhamisi, tarehe kumi na nne, akiwa anatafuna njiti ya kiberiti.

Wakubwa walinichukia kwa hilo. Wenzangu walinipenda kwa hilo. Na walinitania pia, hasa nilipokuwa naziba pancha za baiskeli yangu pale getini. Viraka vyangu nilivikata kwenye mfuko wa mpira wa mama wa kuwekea maji ya moto, ule mwekundu, baada ya kutoboka. "Daftari," walisema, "tyubu yako ina surua."

Tulitengeneza mabeseni na viti vya plastiki. Mdogo wangu wa kike, tuliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yetu, mimi ndiye niliyemwombea kazi pale. Mimi ndiye niliyemfundisha mashine namba nne.

Nikueleze kidogo ile mashine, maana bila hivyo hutanielewa.

Plastiki ya moto inaingia kwenye kalibu, yaani vyuma viwili vinavyobanana, na beseni linatoka. Mbele kuna mlango wa kinga. Ukiufungua, swichi inakata, mashine inasimama, unatoa beseni lako kwa amani. Tatizo ni kwamba kufungua na kusubiri kunakula muda, na idadi tuliyopangiwa kwa zamu haikuwa idadi ya binadamu. Kwa hiyo kila mtu alitembea na kipande cha mpira wa tyubu mfukoni. Unaikaza swichi nacho, mashine inadhani mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Unaokoa sekunde tatu kila beseni.

Wote tulifanya. Hata mimi. Ila mimi, nilijiambia siku zote, hufungua mpira wangu kabla ya kumwachia mwenzangu.

Jumatatu ile zamu ya asubuhi ilikuwa yangu. Saa nane nikatoka, Kitinda akaingia. Nikaenda moja kwa moja getini, ambako watu walikuwa wananisubiri nihutubie. Hotuba ile naikumbuka neno kwa neno. Ilihusu usalama kazini. Nilikuwa nimefika mahali pa kusema kwamba sisi si kuni za kuchochea jiko la mtu, makofi yakalipuka, na katikati ya makofi king'ora kikalia.

Beseni la kwanza la zamu yake, maana plastiki ilichelewa kuletwa, lilikuwa limenasa. Kitinda alifungua mlango, akaamini mashine imesimama kama inavyotakiwa, akaingiza mkono kulinasua.

Kalibu ikafunga.

Ripoti ya wenye kiwanda ilikuwa na mistari minne. Swichi nzima. Hakuna kilichofungwa. Uzembe wa mfanyakazi.

Nilicheka kicheko kibaya. Mlango ukiwa wazi, kalibu haiwezi kujifunga mpaka swichi iwe imekazwa. Basi nani aliikaza, na mpira ulikwenda wapi?

Jibu nilikuwa nalo kabla ya jioni. Msimamizi wetu wa zamu tulimwita Nusu Dakika, kwa sababu ukichelewa nusu dakika alikuandika. Alipita mashine namba nne mara mbili baada ya saa nane. Na mtu mmoja alimwona, wakati watu wanahangaika kumtoa Kitinda, akitoa kisu kidogo, akikata kitu pale kwenye swichi na kukitia mfukoni.

Ungefikiri nini wewe?

Kilichobaki ni Kitinda kusema. Na Kitinda, kila nilipomuuliza, aliangalia ukuta.

"Sikumbuki, kaka."

Yeye alikuwa na shida nyingine. Mkono uliokatwa ulikuwa haujaondoka. Aliuhisi pale pale, umekunja ngumi, kucha zinachimba kiganja, na hakuna namna ya kuifungua ngumi ya mkono usiokuwepo. Alikuwa anakula kwa kushoto huku machozi yanadondoka sahanini. Alikonda mpaka mama akawa anampunguzia magauni kila mwezi. Dawa za hospitali zilimpa usingizi, hazikumfungulia ngumi.

Daktari wake ndiye aliyemwelekeza kwa mtabibu wa hipnosisi, tiba ya kuituliza akili kwa maneno, mama mmoja aliyekuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi wa moto kabla ya kusomea kazi hiyo. Dawa asiache, alisema daktari, lakini hii iongezwe.

Mama yangu alishika kichwa. "Watampumbaza mwanangu. Wakimwamuru awike kama jogoo je? Na wakishindwa kumwamsha?"

Mimi nilifurahi. Lakini si kwa ajili ya ngumi, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu akilazwa kwa hipnosisi hawezi kuficha kitu. Kwamba kila alichokiona kimeandikwa kichwani, na mtaalamu anafungua tu kurasa.

Nilitaka ukurasa wa Jumatatu.

Chumba cha mtabibu kilikuwa juu ya duka la fundi wa kufuli, ngazi kumi na saba. Hakuna saa ya kuning'iniza, hakuna macho ya kutisha. Dirisha, pazia la kijani, viti vitatu vya plastiki. Nilikigeuza kimoja: chini kulikuwa na muhuri wa kiwanda chetu. Nikakirudisha kimya kimya.

Mama alimuuliza yale yale ya jogoo, na yule mtabibu akacheka hadi akafuta miwani. Akasema halazi mtu. Anayeingia katika hali ile anasikia kila kitu, hata fundi wa chini akigonga nyundo, na akitaka kuinuka ataenda zake. Hakuna wa kukwama, na hakuna wa kuwikishwa ambaye hataki kuwika. Wale wa jukwaani wanaoruka kama vyura, alisema, wengi wao walipanda jukwaani wakiwa tayari wanataka kuruka.

"Sasa unafanya nini?" mama akauliza.

"Fikiria limau, mama. Nimelikata, nakuminyia kwenye ulimi."

Mama akameza mate.

"Limau liko wapi?"

Mama akatazama mikono yake mitupu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ajali.

"Ndiyo hivyo tu. Akili ikitulia mahali pamoja, mwili unaifuata. Umewahi kunogewa na hadithi mpaka ukaitwa usisikie? Hali ni hiyo. Mimi namwonyesha njia, anayetembea ni yeye. Wengine huingia upesi, wengine taratibu, na wengine haiwasaidii. Uongo wa kwamba naponya kila kitu siwauzii."

Nikaona zamu yangu imefika. Nikamuuliza kuhusu kumbukumbu.

Aliacha kucheka.

"Hapana," alisema. "Kumbukumbu si nguo ulizokunja kabatini. Kila ukikumbuka unaishona upya, na huku unashona unatia kitambaa cha leo. Mtu aliyetulia vile ndiyo kabisa. Ukimuuliza jambo unalolitaka, anaweza kulishona akaamini ni la kweli. Na anaweza kudanganya vilevile, kama wewe na mimi. Mimi natibu maumivu. Ushahidi sitafuti."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Moyoni nilisema: na huyu wamemnunua.

Mara ya kwanza Kitinda alilegea mabega tu. Mara ya pili ngumi ilipungua kukaza. Mara ya tatu ndiyo ile niliyokuanzia nayo. Mtabibu alimhesabia ngazi kumi za kushuka, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayekuelekeza duka. Chini ya ngazi kulikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu. Kitinda mwenyewe ndiye aliyechagua beseni. Akautia mkono humo, ule usiokuwepo, na vidole vikaanza kufunguka.

Niliruhusiwa kukaa mle kwa sharti moja, nisitoe neno. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa shati, inarekodi.

"Kile kidogo kimefunguka. Sasa kinachofuata."

"Kitinda," nilisema. "Nani alifunga swichi?"

Mtabibu aligeuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akainua mkono kunizuia. Nikainama mbele.

"Ni Nusu Dakika? Ni yeye alifunga?"

Macho ya Kitinda yalibaki yamefumbwa. Kigutu kikaanza kucheza juu ya paja.

"Ndiyo," alisema. "Ni yeye."

Mtabibu hakunifokea. Alimpandisha Kitinda zile ngazi kumi polepole, akampa maji, akahakikisha yuko sawa. Kisha akanifuata nje, akaniambia kwa sauti ya chini: nimeingia kwenye chumba cha mgonjwa na viatu. Akaiona simu mfukoni mwangu, akasema nilichorekodi hakina thamani hata ya hewa. Swali lilikuja na jibu lake mfukoni.

Nilishuka ngazi kumi na saba nikiruka mbili mbili.

Kikao cha uchunguzi kilikaa Ijumaa. Wawakilishi wa wafanyakazi upande huu, wenye kiwanda upande ule. Nikasimama, nikaanza na methali: kikulacho ki nguoni mwako. Nikawachezea ile sauti. Sikuwaambia maneno ya mtabibu.

Nusu Dakika alisikiliza akiwa ameshika kofia magotini. Nilipomwamuru ajibu, alisema hana la kusema. Nikapiga meza. Unaona?

Wenye kiwanda hawakubishana hata kidogo. Hapo ndipo ningeshtuka, mimi Daftari, mimi ninayewajua. Walikuwa wamepata mtu wa kumtupa, na idadi ya mabeseni ikabaki ile ile. Walimfukuza siku hiyo hiyo, miaka kumi na tisa ya kazi, bila hata mkono wa kwaheri. Wafanyakazi wakanibeba mabegani mpaka getini. Nilipita juu ya vichwa vyao, na yeye alipita pembeni ya ukuta na kofia yake.

Nyumbani nilimkuta Kitinda amekaa kitandani, amekumbatia kigutu. Nikampa habari.

Akageukia ukuta.

Ngumi ilirudi. Ilirudi ikiwa imekaza kuliko mwanzo. Nikamhimiza aende kwa mtabibu, akakataa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama akaanza tena kupunguza magauni. Jioni moja alikuwa anamsuka nywele, akaacha shanuo katikati, akaniambia niongee na mdogo wangu, maana yeye anaona mtoto anamwishia mikononi.

Nikakaa chini, mgongo kwenye kitanda chake.

"Kwa nini huendi, Kitinda?"

Alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Kila nikifumba macho nikashuka zile ngazi," alisema, "kwenye beseni nakukuta wewe. Unaniuliza."

"Si ulishajibu? Yameisha."

"Nilikudanganya, kaka."

Nikageuka.

"Nilikuwa nakusikia vizuri kuliko hata sasa. Yule mama alikuambia mtu hasinzii. Ulitaka jina. Miezi saba unaniuliza nikila, unaniuliza nikioga. Ukanifuata mpaka mahali pekee ambapo palikuwa hapaumi. Nikakupa jina ulilokuja nalo, ili unyamaze."

"Sasa ni nani?"

Akaangalia ukuta ule ule.

"Kamuulize Nusu Dakika alichokikata," alisema. "Mimi nilikiona, lakini sitasema. Nilishaapa mama asijue."

Nilimkuta Nusu Dakika mbele ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, anapiga viatu rangi. Viatu vya kazi. Asubuhi ya siku ya kazi, na mtu hana pa kwenda navyo.

Hakuinuka.

"Umekuja kunisomea tarehe, Daftari?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza alikata nini.

Alimaliza kiatu kwanza. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo tupu la rangi ya viatu, akanipa. Nikalifungua.

Kipande cha mpira wa tyubu. Kimekatwa mara moja, kwa kisu.

Katikati yake, kiraka chekundu.

Kile kiraka nilikikata mimi. Nikaiona Jumatatu ile. Saa nane kasoro dakika tano. Nimepungukiwa mabeseni kumi na mawili. Nimeikaza swichi. Mtu anaita kutoka mlangoni, "Daftari, getini wamejaa, wanakungoja wewe," nami nafurahi, nafurahi kama bwana harusi, natoa beseni la mwisho na kukimbia. Nilikumbuka hotuba yote. Makofi nayakumbuka mpaka leo. Mpira niliuacha.

Na haikuwa imefutika, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nilikuwa nimeishona upya kila siku kwa miezi nane, mpaka kwenye kumbukumbu yangu mikono yangu ikawa inafungua ule mpira. Naapa nilikuwa nauona unafunguka.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

"Siku ile? Wangekufukuza kabla damu haijakauka. Yule binti angebaki na nani?" Akachukua kiatu cha pili. "Na usinifanye malaika. Mlikuwa mnafunga swichi nikiona. Niliangalia pembeni ili hesabu itimie. Na mimi nina vidole vyangu katika ule mkono."

"Na kwenye kikao?"

"Ulikuja na sauti ya mtoto mwenyewe. Nikisema si mimi, ningesema ni nani, na wewe umesimama pale?"

Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, nitachafua suruali kwa rangi.

"Siwezi kukusamehe leo," alisema. "Labda siku nyingine. Sasa hivi napiga viatu."

Jumatatu nilikwenda getini saa nane, mahali pale pale. Watu wakajaa wakitegemea moto. Nikauinua ule mpira. Nikawaambia wa nani.

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja alitema mate chini, mwingine akalia, wengi waliangalia viatu vyao, na niliona mikono kadhaa inaingia mifukoni kugusa mipira yao wenyewe. Wenye kiwanda walinifukuza kwa barua ya mistari miwili. Nusu Dakika hawakumrudisha. Suala hilo, walisema, limefungwa. Tarehe nimeiandika, msidhani nimelainika. Ile idadi ya mabeseni bado ipo ukutani, na walioiandika bado wana mikono yote miwili.

Lakini hasira yangu ilikuwa na jicho moja, tena lile la kutazama nje tu.

Kitinda nilimwambia najua. Akauliza kama nimemwambia mama. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kiapo changu kimeisha." Akalala mchana kutwa.

Wewe unayesoma hapa, kama una mtu wako anayeumwa, usimfuate kwenye uponyaji wake na maswali yako. Ile tiba haifungui siri za mtu. Inampa nafasi ya kupumua, na mimi niliingia humo nikaivuta hewa yote. Na wewe unayejisifu kwamba husahau, kaa chini siku moja uhesabu ni mara ngapi, katika yote unayoyakumbuka, mwenye kosa ni wewe. Kama ni sifuri, rudia kuhesabu.

Mtabibu alikubali kumpokea tena, kwa sharti kwamba mimi nisipande. Kwa hiyo kila Jumatano nakaa ngazi ya kwanza kabisa, mlangoni kwa fundi wa kufuli. Fundi anagonga nyundo yake. Juu sisikii kitu.

Jana Kitinda alishuka akiwa ameshikilia ukuta kwa mkono wa kushoto. Nikainuka. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Alipita mbele yangu mpaka barabarani, akasimama kunisubiri.

"Viwili leo," alisema. "Bado vitatu."